UZI: Bright Size Life ya Pat Metheny, na namna albamu ya kwanza ya gitaa yenye tungo zako inavyojengwa

#1 NyuziSita
Wakuu, habari za jioni. Kila mtu akiuliza humu aanzie wapi kurekodi albamu yake ya kwanza ya jazi, anaishia kupewa orodha ya maiki. Leo tuanzie kwingine. Tuchukue albamu moja tuifungue kama fundi anavyofungua gia boksi.

Bright Size Life, lebo ya ECM, 1976. Pat Metheny gitaa, Jaco Pastorius besi, Bob Moses dramu. Ilirekodiwa Desemba 1975 kwenye studio ya Tonstudio Bauer, Ludwigsburg, Ujerumani, prodyuza akiwa Manfred Eicher. Metheny ni mzaliwa wa Agosti 1954, kwa hiyo alikuwa na miaka 21. Vipande ni 8, jumla karibu dakika 37. Saba katunga mwenyewe. Cha nane ni nyimbo mbili za mpiga saksafoni Ornette Coleman zilizounganishwa, Round Trip na Broadway Blues. Mwaka 2021 Maktaba ya Bunge la Marekani ilitangaza kuiingiza kwenye hazina yake ya rekodi za taifa.

Hoja yangu ni kwamba albamu hii inasimama kwa kile kilichoachwa. Hakuna kinanda wala saksafoni, na gitaa halijazi nafasi zao. Anayetaka kutoa tungo zake akiwa na watu watatu tu, hapo ndipo pa kuanzia kabla hata hajapiga simu studio.

#2 MpitaNjia
Mkuu, jazi kama ya Morogoro Jazz ya marehemu Mbaraka Mwinshehe, au jazi gani hiyo?

#3 NyuziSita
Swali zuri, na linanipa mfano. Kwetu "Jazz" ilikuwa jina la bendi, muziki wenyewe ni dansi. Ila angalia magitaa ya dansi yanavyogawana kazi: solo juu, second solo katikati, rithim anashikilia kodi (siyo ile ya TRA), besi chini. Kila mtu na njia yake, ndiyo maana magitaa matatu yanalia pamoja bila kugombana.

Kwenye trio gitaa ni moja. Linabeba melodi na kodi kwa wakati mmoja, na mpigaji mgeni anadhani dawa ni kupiga zaidi. Dawa ni kupiga nota chache zilizochaguliwa. Wimbo wa Bright Size Life uko kwenye D na unafunguka kwa Gmaj7, halafu Bbmaj7, halafu D. Chukua Gmaj7. Besi tayari anayo G, usiirudie. Weka B kwenye waya wa 4 freti ya 9, F# kwenye waya wa 3 freti ya 11. Hizo ni nota ya tatu na ya saba, na sikio tayari linajua kodi ni ipi. Ukitaka rangi ongeza A kwenye waya wa 2 freti ya 10. Bbmaj7 ni umbo lilelile freti tatu juu. Ukifika D, acha waya wa 4 ulie wazi.

Kinachoharibu ni kodi za waya zote sita. Besi ya waya nne ikipanda freti ya 12 kwenye waya wa G inafika 196 Hz, sawasawa na waya wa tatu wa gitaa ukiachwa wazi. Maana yake nota yoyote iliyo chini ya hiyo G unaipiga ndani ya nyumba ya besi. Kwenye miksi inasikika kama matope, na hakuna kitufe cha kuyaondoa, kwa sababu fundi akikata hapo anakata vyombo vyote viwili.

#4 BesiTupu
Naunga mkono, ila na besi ana wajibu wake. Watu wanaisifia sauti ya Jaco bila kujua imetoka wapi. Lilikuwa Fender Jazz Bass la 1962, freti zimeng'olewa, mifereji imezibwa, ubao umepakwa epoksi ya boti. Epoksi haikuwa mapambo. Alitumia waya za mzingo wa duara, Rotosound, ambazo zinakwangua ubao wa mti kama tupa. Epoksi ngumu iliukinga ubao, na kwa kuwa ni ngumu ikang'arisha sauti. Ongeza pikapu (kinasa sauti cha waya) ya nyuma kufunguliwa zaidi kuliko ya mbele, unapata ule mlio wa kuimba unaopenya katikati ya toazi.

Sasa, ukiwa na besi isiyo na freti kwenye albamu yako, jua mitego miwili.

Mosi, kwenye besi ya kawaida kidole kinakaa nyuma ya freti. Hapa kinakaa juu ya mstari penyewe. Aliyezoea freti atakuwa chini kidogo kila nota, na gitaa likipiga melodi ileile mnasikika kama redio mbili zimepishana stesheni.

Pili, kidole kinatikiswa baada ya nota kutua. Ukianza kukitikisa tangu mwanzo unaficha kosa wakati wa mazoezi, maiki inakuja kulifichua.

Zoezi: piga melodi ya wimbo wako pamoja na gitaa, polepole, mapigo 60 kwa dakika, kila nota ishikwe mapigo manne. Rekodi kwa simu. Mkipita hapo ndipo muongeze mwendo.

#5 DadaNota
Mmeruka karatasi, na ndiyo inayokula muda wa studio kuliko kitu kingine.

Utunzi mmoja, ukurasa mmoja. Ukishindwa kuuweka kwenye ukurasa mmoja, gundisha kurasa mbili kwenye kadibodi zisimame bega kwa bega. Karatasi inayogeuzwa inasikika kwenye maiki za juu ya dramu, na kwa kawaida hugeuzwa mahali pa kimya kuliko pote.

Juu kushoto andika mwendo kwa namba, mfano robo nota = 152, siyo "haraka kiasi". Kila sehemu iwe na herufi yake. Solo iandikiwe mzunguko wake wenyewe hata kama ni uleule wa melodi, maana tungo nyingi za kisasa zina melodi ya vipimo 34 au 38 lakini solo inapigwa kwenye 32. Usipoandika, mwenye dramu atasindikiza kitu kingine. Mwisho: nani anatoa ishara, na inarudiwa mara ngapi. "Tutaangaliana" haifanyi kazi pale kila mmoja yuko chumba chake.

Kuna kosa la oktavu pia. Gitaa na besi zote huandikwa oktavu moja juu ya zinavyolia. Mkitaka kupiga melodi kwa sauti moja kabisa, C ya kati kwenye ufunguo wa G kwa gitaa na C ya kati kwenye ufunguo wa F kwa besi ndiyo nota ileile. Programu nyingi za kuandika nota zinakuchezea sauti sahihi kwenye kompyuta huku karatasi iliyochapwa ina oktavu isiyo yako. Kagua karatasi yenyewe, siyo spika.

#6 SneaNaKiki
Upande wa dramu. Bob Moses kwenye ile albamu hakai anagonga tu 2 na 4. Toazi ndilo linabeba mwendo, snea (ngoma yenye waya chini) na kiki (ngoma kubwa ya mguu) vinajibu. Ukimiki dramu za hivyo kama za bongo fleva, maiki nane karibu-karibu, unapata vipande vya dramu badala ya dramu.

Maiki nne zinatosha: mbili juu, moja kiki, moja snea. Zile mbili za juu zipimwe kwa uzi wa kushonea. Funga ncha katikati ya snea, nyoosha mpaka maiki ya kwanza, shika hapo ulipofika, zungusha mpaka ya pili. Umbali uwe uleule. Sauti inasafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo tofauti ya sentimita 34 ni milisekunde 1. Mkiunganisha maiki mbili zilizopishana hivyo, sauti ya 500 Hz inajikata yenyewe, na 1500, na kuendelea. Snea inakuwa nyembamba, fundi anaongeza ikwa (vitufe vya kupandisha na kushusha besi na makali), inazidi kuwa mbaya.

Jambo la pili halizungumzwi: snea inayolia peke yake. Gitaa au besi ikipiga nota fulani, zile waya za chini ya snea zinatetemeka. Usizizime kwa tepu tu. Tafuta nota inayoziamsha, kisha legeza au kaza ngozi ya chini robo mzunguko kwa kila skrubu mpaka iondoke. Ikibaki kidogo, ni sauti ya watu kupiga chumba kimoja. Iacheni.

#7 FundiMtambo
Hapo kwa chumba kimoja nataka tubishane, ila kwanza gitaa.

Metheny alikuwa na Gibson ES-175. Ni gitaa lenye tumbo wazi, lilianza kuuzwa 1949, pikapu mbili za koili pacha zikaja 1957. Pikapu ya mbele, toni imeshushwa, ndiyo ile sauti ya mviringo. Tatizo la tumbo wazi ni kwamba dramu ikiwa karibu tumbo linaitikia, na ampli ikiwa karibu linapiga mluzi. Ziba matundu ya F kwa sponji au tepu isiyoharibu rangi, au ampli iende chumba kingine. Mimi nachagua ampli chumba kingine, mpigaji abaki na wenzake wakionana uso kwa uso. Waangaliane, spika zisisikilizane.

Ampli: maiki ya SM57 sentimita 3 kutoka kwenye kitambaa, isielekee katikati ya spika bali pembeni kidogo, pale kofia inapokutana na koni. Katikati ina makali ya bure. Sogeza sentimita 2 kisha sikiliza. Tofauti ni kubwa kuliko ikwa yoyote. Wakati huohuo chukua waya safi kutoka kwenye gitaa kupitia DI (kisanduku kinachopeleka gitaa moja kwa moja kwenye mtambo). Ampli ikikosewa, unaweza kuupitisha ule waya safi kwenye ampli tena kesho yake. Ukivichanganya vyote viwili, ichelewesha kidogo faili ya DI mpaka vilele vya mawimbi vikutane, la sivyo yatakatana kama alivyoeleza SneaNaKiki.

Waya za gitaa: bapa zibadilishwe siku tatu hivi kabla ili zitulie, za duara siku moja kabla. Betri mpya za pedali. Ukirekodi kwa biti 24, vilele viishie kwenye desibeli −10 hivi, hakuna zawadi ya kugusa nyekundu.

#8 MpitaNjia
Na kliki (mlio wa metronomu masikioni)? Prodyuza wengi hapa mjini hawakuruhusu urekodi bila kliki.

#9 FundiMtambo
Kwa trio ya namna hii kliki inaua. Mwendo unapumua.

#10 DadaNota
Siyo kila mahali, mkuu. Kama kuna tabaka la pili litakaloongezwa baadaye, au unafikiria kukata teki mbili (yaani mara mbili mlizorekodi wimbo uleule) kuwa moja, bila mwendo unaofanana umekwama.

#11 SneaNaKiki
Kuna njia ya kati. Kabla ya kila teki, mwenye dramu pekee asikie kliki sekunde 10, izimwe, ahesabu. Baada ya teki pima mwendo mwanzo na mwisho. Ukipanda pigo 2 au 3 kwa dakika hakuna atakayejali. Ukishuka ndiyo tatizo, kushuka kunasikika haraka. Na kukata teki: kata mwanzoni mwa sehemu, juu ya pigo zito la toazi. Ukikata sekunde mbili baada ya pigo hilo unakatisha mkia wa toazi, na mkia huo unadumu sekunde kadhaa. Sikio linajua kuna kitu kimeibwa.

#12 NyuziSita
DadaNota amegusa tabaka la pili, na ndani ya albamu hiihii upo mfano: Unity Village. Ni Metheny peke yake, gitaa juu ya gitaa. Baada ya nyimbo mbili za watu watatu, sikio linapumzika. (Majina nayo ni ramani: Unity Village ni sehemu ya Missouri jirani na Lee's Summit alikokulia, Unquity Road ni barabara kule Milton, Massachusetts. Missouri Uncompromised ni utani juu ya Mapatano ya Missouri ya 1820.)

Ukifanya hivyo kwako, anza na sehemu ya kodi, siyo melodi. Melodi inaweza kufuata pumzi ya kodi. Kodi zikifuata melodi zinayumba. Iache kodi ikae waya wa 5 mpaka wa 3, melodi ipande waya mbili za juu. Kama gitaa ni lilelile, badili kitu kimoja tu kati ya viwili: pikapu au umbali wa maiki. Ukibadili vyote zinasikika kama watu wawili wasiojuana. Moja kushoto kidogo, nyingine kulia kidogo, siyo kuzitupa mwisho kabisa wa kila upande.

#13 BesiTupu
Na ule mwangwi wa ECM? Watu wanaununua kama pilipili.

#14 FundiMtambo
Mwangwi wa ECM unafanya kazi kwa sababu muziki una mapengo. Turudi kwa NyuziSita pale #3: ukijaza kila pengo, mwangwi hauna pa kutua, unakuwa moshi.

Kwa vipimo: tumia chaneli moja ya mwangwi kwa wote, wakae chumba kimoja. Mkia sekunde 2 mpaka 2.5. Ucheleweshwe milisekunde 20 hadi 30 ili mguso wa pleki usikike kwanza. Kata chini ya 250 Hz kwenye mwangwi wenyewe. Gitaa na dramu ziingie, besi isiingie kabisa, au tone tu kwenye wimbo wa taratibu. Kisha punguza mpaka usiusikie, rudisha desibeli 1.

Kwenye masta usikimbizane na sauti kubwa. Spotify inasawazisha kuelekea −14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kwa wastani), na trio ya jazi kwenye −16 au −18 iko salama. Ukiikandamiza kufika −9 wataishusha wao, unabaki na toazi lililopondwa. Kilele halisi cha sauti kisizidi −1 dBTP.

#15 NyuziSita
Mpangilio wa nyimbo nao. Ile ilikuwa santuri, dakika kama 18 kila upande. Santuri ya inchi 12 ikipita dakika 22 upande mmoja, mifereji inabanwa na sauti inashuka. Na kadiri sindano inavyokaribia katikati, makali ya juu yanapungua. Ndiyo maana wimbo wenye toazi jingi huwekwa mwanzo wa upande na wa utulivu mwisho. Leo wengi hawachapi santuri, lakini dakika 37 bado ni kipimo kizuri. Mtu mwenye tungo 14 achague 8. Zile 6 zina siku yake.

Hesabu ya muda: tungo 8, teki 3, dakika 5 kila moja, ni saa 2. Zidisha mara mbili kwa kusikiliza na kukaza waya. Ongeza saa 3 za kufunga vyombo na kutafuta sauti. Siku moja inatosha kama mazoezi yameisha nyumbani, ya pili ni ya kurudia mawili yaliyogoma. ECM yenyewe desturi yake ilikuwa siku mbili za kurekodi na moja ya miksi.

#16 Mzee wa Hati
Nimesoma kimya, naona mnamalizia bila makaratasi. Haki ni mbili: ya utunzi na ya rekodi. Mtunzi anaweza kuwa mmoja huku rekodi ina mwenyewe mwingine, aliyelipia. Kabla hamjaingia studio, watatu mtie saini karatasi moja kwa kila wimbo: nani katunga, asilimia ngapi, waliopiga wanalipwa mkupuo au mgawo. Solo ya kubuni papo hapo kwa kawaida haimpi mpigaji sehemu ya utunzi mpaka mkubaliane. Ila besi akikutungia mwanzo mzima ambao wimbo hautambuliki bila huo, mwandike, usingoje ugomvi.

Tungo zisajiliwe kabla ya kutoka: Tanzania nendeni COSOTA, Kenya kuna KECOBO, ndizo ofisi za hakimiliki. Kila rekodi ipate ISRC yake (namba ya kuitambulisha), tarakimu na herufi 12: mbili za nchi, tatu za mwenye usajili, mbili za mwaka, tano za wimbo. Teki mpya au miksi tofauti ni namba mpya. Wengi wanarudia ileile, na mapato yanachanganyika.

Na kama Metheny alivyomweka Ornette Coleman mwishoni, nawe ukiweka wimbo wa mtu, omba leseni. Marekani sheria inaruhusu kurekodi upya wimbo uliokwisha kutolewa kwa malipo yaliyopangwa; mwaka 2025 yalikuwa senti 12.7 kwa kila nakala, kwa wimbo usiozidi dakika 5. Leseni hiyo haihusu video. Hapo unaomba upya kwa mwenye haki.

#17 MpitaNjia
Shukrani wakuu, nime-save uzi. Swali la mwisho: kwenye ile albamu kuna gitaa la umeme la waya 12. Lile la kwangu G nyembamba inakatika kila nikilikaza. Shida ni waya?

#18 NyuziSita
Mara nyingi siyo waya. Kwenye waya 12, jozi nne za chini zina waya mnene na mwembamba wa oktavu, mbili za juu ni sare. Ile G ya oktavu ni namba 8 au 9 na inakazwa kuwa nota ya juu kuliko zote, G iliyo juu ya E ya kwanza. Angalia inapokatikia. Ikikatikia juu, kijifereji cha kwenye mfupa (pale waya zinapopita kuelekea vifungo vya kukazia) kimebana: kipanue kidogo kwa sandpaper namba 600 iliyokunjwa, kisha paka unga wa penseli ya 2B. Ikikatikia chini kwenye daraja, kuna ukingo mkali, usugue. Isipopona, legeza gitaa lote toni moja chini na ubane kapo (kibanio cha shingo) freti ya 2, utapata sauti ileile kwa mkazo mdogo. Na studio uende na G tatu za akiba, siyo seti tatu.

#19 MpitaNjia
Inakatikia juu. Naanza na penseli.